Betri za Msiba

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake waulizwe wenyewe. Mimi namfahamu kuanzia ukutani. Nilipoolewa Ujiji kutoka kwetu Simbo, nilipewa chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa wetu na wa jirani, na usiku wangu wa kwanza kama mke wa mtu, badala ya kusikiliza maneno ya mume wangu, nilisikiliza redio ya mtu mwingine. Ilikoroma, ikapiga mluzi, ikasema Kifaransa, ikasema Kirundi, ikaimba kidogo muziki wa Zaire, kisha ikatulia kwenye sauti nzito ya mwanamume aliyekuwa akisoma majina, jina baada ya jina, bila haraka. Nikamwuliza mume wangu, "Huyo anasoma nini?" Akasema, "Vifo. Lala."

Loo! Nililala basi?

Mtaa mzima ulimwita jirani huyo mwenye redio Mzee wa Matangazo, ingawa wakati ule hakuwa mzee wa hivyo. Mchana aliuza mawese sokoni, madebe yamepangwa mbele yake, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya machungwa hata siku ya Idd. Kile kitufe cha redio cha kutafutia stesheni nacho kilikuwa na rangi hiyohiyo. Ungeweza kujua alikopenda kusimama kwa kuangalia kioo: palikuwa na alama za vidole upande wa Bujumbura, nyingine upande wa Lubumbashi, na moja nene, iliyokolea, pale Dar es Salaam ilipokuwa inapatikana jua likishazama.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi, ngoja niwaeleze. Mchana redio ya taifa kwetu ilikuwa ya kubahatisha. Ilikuja imechoka, unaambulia neno moja katika matano. Giza likiingia, masafa ya kati yanafunguka, na sauti za mbali zinaanza kufika moja moja, Nairobi, Lusaka, Kigali, hata nyingine ambazo hatukujua zinasema lugha gani. Ndipo Dar nayo inakuja. Baada ya taarifa ya habari yanasomwa matangazo ya vifo. Mtu wako amefia Tabora, au Mwanza, au Morogoro, ndugu walioko huko wanapeleka tangazo redioni, na wewe uliye Ujiji unatakiwa ulisikie. Usiposikia, shauri yako, watazika bila wewe na mwaka mzima utaendelea kumtumia salamu marehemu.

Yeye aliamua kusikia kwa niaba yetu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na waya uliotoka dirishani ukapanda mchikichi wa uani, na redio yenyewe aliizungusha mezani taratibu, robo kwa robo, mpaka sauti inyooke. Betri zikichoka alizianika juu ya bati, akakaa chini kuzilinda kama mtu anayelinda dagaa wasiliwe na kunguru. Vijana walikuja kumwomba, "Mzee, leo kuna mpira, tuwekee japo kipindi cha pili." Anawajibu bila kuinua macho, "Hizi ni betri za msiba." Hata mume wangu, aliyempa shikamoo kila asubuhi, hakuwahi kusikilizishwa bao hata moja.

Lakini mimi nilikuwa ukutani, na ukuta hausemi uongo. Matangazo yakiisha, alikuwa anashusha sauti mpaka karibu na kuzima, anavuka ziwa kwenda Zaire kwa kile kidole chake chenye mawese, na rumba linaanza. Akaimba nalo, Kilingala asichokijua hata neno, maneno ya kubuni tu, tena kwa hisia. Siku moja nikamtania, "Mzee, jana nimesikia betri za msiba zinacheza rumba." Akasema, "Mwanangu, mtu akisomewa vifo kumi na viwili anahitaji kitu cha kulalia." Sikumtania tena juu ya hilo.

Sasa habari ya koti na lile swali lake.

Akisikia tangazo la mtu wa mtaa wetu, hakugonga mlango usiku. Kamwe. Mara moja bwana mmoja wa mtaa wa pili alimgombeza kwa nini amekaa na habari ya kifo cha mama yake usiku kucha. Akajibu, "Nilikuachia usingizi mmoja wa mwisho ukiwa na mama." Yule bwana alifoka, akaondoka, na jioni alirudi kumshukuru. Asubuhi, basi, Mzee wa Matangazo alivaa koti la kijivu, kubwa kwake, mtumba wa miaka, akafunga vifungo vyote na joto lile la ziwani, akatoka. Tukiliona koti, mtaa unanyamaza. Wanawake tunasimama na mifagio mikononi tunaangalia anaelekea wapi. Akikupita unamshukuru Mungu, halafu unaona haya kwamba umeshukuru.

Akifika kwako, baada ya salamu anauliza, "Umekula?"

Basi. Hilo ndilo swali. Ukisema bado, anakuambia ule kwanza, na hasemi kitu mpaka ule. Msimamo wake ulikuwa kwamba msiba haupokelewi na tumbo tupu, kwa sababu mtu akishalia hawezi tena kula, na kilio kina kazi kubwa. Ukishakula anasimama na kulisoma tangazo lote kama alivyolisikia, kwa sauti ya mtangazaji, na wote waliotajwa, mpaka "popote walipo". Hakuwa na nusu tangazo. Haongezi, hapunguzi. Soda hanywi, pesa hapokei, na anakaa hadi watu wa kwanza wa kilio wafike.

Mimi alinijia kwa ajili ya kaka yangu aliyekuwa Mwanza. Nilikuwa uani namenya mihogo. Nikaona koti, nikaona limesimama, halikupita. "Mwakeye, mwanangu," alinisalimu, kwa Kiha cha kwetu, yeye ambaye siku zote alisema nami Kiswahili. Kisha akauliza. Nikasema, "Bado, Mzee." Akasema, "Kula kwanza. Nina nafasi." Akageuka akaangalia ukuta ili nisimwone usoni.

Nilikula. Kulikuwa na muhogo wa jana na dagaa, nikala vyote, natafuna huku najua, ila sijui ni nani. Nilihesabu watu wangu wote mdomoni, mama, baba, dada zangu wawili, kaka. Nilipomeza tonge la mwisho nikanawa, nikasema, "Nimekula." Mpaka leo sijui kama nilimchukia au nilimpenda kwa yale matonge. Nilichojua ni kwamba nililia siku tatu, na nguvu za kulia nilikuwa nazo.

Kwa hiyo Ujiji kwetu hakuna aliyeuliza "umekula?" ovyoovyo. Mgeni tunamwambia "karibu chakula" na inatosha. Mwaka mmoja shemeji wa mtu fulani alikuja kutoka Ilagala na furushi la samaki, mtu mchangamfu, amevaa koti kwa sababu ya upepo wa botini. Akaingia nyumba ya kwanza, akakuta mama mwenye nyumba yuko na wanawe, akasema kwa upole wote, "Mmekula, jamani?" Akitaka kuwagawia samaki, masikini ya Mungu! Yule mama aliachia yowe, watoto wakaachia, jirani tukaja mbio na kanga viunoni, mtu ameshaanza kuulizia jeneza. Mzee wa Matangazo aliitwa aje athibitishe kwamba hakuna aliyekufa. Alithibitisha, na samaki tukala, lakini hakucheka.

Nimesema hakuwa na nusu tangazo, na hakuogopa mlango wa mtu. Aliingia kwa sheikh, aliingia kwa katekista, aliingia kwa wale wakimbizi wa Burundi waliohamia nyuma ya soko, akawasomea kwa Kirundi alichokipata kwenye stesheni ya kwao. Palikuwa na mlango mmoja tu uliomshinda, nao ulikuwa wa uani kwake. Hilo sikulijua hadi mwaka huu.

Uani kwake aliishi mke wa kaka yake mkubwa. Sote tulimwita Shemeji, hata watoto wetu. Mumewe alikwenda mkonge, Tanga, kabla mimi sijaolewa, kama walivyokwenda wanaume wengi wa huku. Mwanzoni alituma barua na kitenge. Baadaye kitenge kikakoma, kisha barua. Midomo ya watu haina kufuli, wakasema huko mkongeni kila mwanaume alikuwa na mke wa hukohuko, na huyu naye atakuwa amejenga, amezaa, amesahau. Walisema hata kisimani, Shemeji anateka maji. Yeye alipika sabuni ya mawese, akaiuza, akakaa. Waliokuja kumposa aliwaambia, "Mimi ni mke wa mtu." Hakuongeza neno.

Kuna jambo moja juu yake tulilolijua sote na hatukulielewa. Shemeji hakula mbele ya watu. Alipika, alipakua, alikusukumia sahani, na ukimwambia "na wewe je?" anasema amefunga. Jumatatu amefunga, Alhamisi amefunga. Siku nyingine anasema bado, atakula baadaye. Ramadhani alifuturu chumbani kwake peke yake, mlango umerudishwa. Na Idd, siku ambayo kufunga ni haramu na kila mtu anakula kwa kila mtu, alfajiri tu unamwona na kapu lake anashuka ziwani kupanda boti kwenda kwa ndugu zake Ilagala, hata swala haijaswaliwa. Tukasema ni mchamungu. Wengine wakasema anaringa. Mimi nilikuwa kati ya wengine.

Na hakuwa hivyo tangu mwanzo! Hilo nililikumbuka baadaye. Miaka yangu ya kwanza tulikula naye samaki, kuhe wa kuchoma, tunagombania kichwa.

Kulikuwa na usiku mmoja, mume wangu yuko ziwani kuvua, niko peke yangu na ukuta. Matangazo yalisomwa. Nikangoja rumba. Nilikuwa nimeshazoea kulala nalo, ukweli usemwe. Halikuja. Redio ilizimwa, na kimya kikawa kirefu hata nikafikiri betri zimekufa. Asubuhi nikaliona koti. Vifungo vyote. Lakini hakutoka barabarani. Alikwenda hatua chache mpaka mlango wa jiko la uani, nikamsikia anauliza, "Shemeji, umekula?"

Shemeji alikuwa anakoroga sabuni. Mwiko ulisimama. Akajibu, "Nimefunga."

"Basi magharibi."

"Magharibi nitakuwa nimelala, shemeji."

Akaenda sokoni na koti lake kuuza mawese. Hakuna aliyelia mtaani siku ile. Tukashangaa, msiba umepotea njia?

Kesho yake akavaa koti tena. Keshokutwa tena. Akawa analivaa kila siku, kiangazi na masika, mpaka likazoeleka na halikumtisha mtu, na sisi tukapoteza ile alama yetu. Kila asubuhi alisimama pale mlangoni, "Shemeji, umekula?" Naye, "Bado, shemeji." Anaitikia, anaondoka. Tuliona ni utani wao wa mashemeji. Tukasema, tazama, swali lililotuua wote, kwa yule mama ni mchezo tu.

Minara ikaja. Vikaja vituo vya FM, sauti safi, vijana wanacheka redioni toka asubuhi mpaka asubuhi. Halafu simu. Jirani yangu wa sokoni, muuza samaki aina ya migebuka, alipata habari ya mwanawe kwenye simu akiwa na sambusa mdomoni. Aliitema palepale mbele ya wateja. Nilipomsimulia Mzee wa Matangazo alikasirika kama mimi ndiye niliyepiga. "Hawakumwuliza?" akasema. "Hakuna hata mmoja aliyemwuliza?" Nikamwambia, Mzee, siku hizi hawaulizi, tena wanatuma ujumbe na vikaragosi vya kulia. Hakunielewa, nikaacha.

Aliendelea kusikiliza. Mume wangu alifariki, wanangu wakatawanyika, ukuta ukabaki. Usiku nilimsikia anazungusha redio yake, robo kwa robo, na stesheni zikapungua. Ya kwanza kupotea ilikuwa ile ya Lusaka. Nyingine zikafuata, sijui kama zilifungwa au zilihamia huko kwenye minara. Mwishowe ulikuwa mkoromo mtupu kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine, naye anaupitia wote, taratibu, anasimama pale penye alama nene, anangoja. Nilikuwa naumia, sitaficha. Mara mbili nilitaka kugonga ukuta nimwambie, baba, lala, hawapo.

Mwaka huu, kabla ya mvua, aliugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari wa hospitali ya Maweni akawaambia wa kwao wamrudishe nyumbani wamtunze. Nilikwenda kumwona alasiri. Alikuwa amelazwa kwenye baraza ya ndani, kwenye mkeka, redio iko karibu na kichwa haijawashwa. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema, "Wote wamenyamaza, mwanangu. Sasa nimebaki na moja tu sijalifikisha." Nilidhani anaweweseka.

Shemeji akatoka jikoni. Naye ni kikongwe sasa, mgongo umepinda. Mkononi ana lile koti. Akampigia magoti shemeji yake, akamwinua kidogo, mimi nikasaidia upande mmoja, akamvisha. Mkono wa kwanza, mkono wa pili. Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja. Yule mzee akaanza kupumua kwa nguvu na macho yake yakaganda usoni kwa Shemeji.

Kisha Shemeji akaenda akarudi na sahani. Ugali wa muhogo, na mgebuka ulioungwa kwa mawese. Akaketi mbele yetu. Akanawa. Akasema bismillah.

Akala.

Jamani, miaka yote ile! Nilikuwa nimesahau kwamba mama yule ana meno. Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, hakutukaribisha wala hakututazama, akamaliza samaki akabakiza mifupa. Mimi nilijua sasa. Yale ya Idd, boti ya Ilagala, mlango uliorudishwa, yote yalinijia kwa mpigo, na nikajishika mdomo nisipige kelele kabla ya wakati. Alijua tangu asubuhi ile ya kwanza. Alijua kwamba mzee huyu hataivunja desturi yake hata kwa kisu, na kwamba asipokula mbele yake hawezi kusomewa. Na mzee alijua kwamba anajua, akavaa koti kila siku akamngoja.

Shemeji akanawa mkono. Akajifuta kwa kanga.

"Nimekula, shemeji."

"Umeshiba?" Hilo hakuwahi kumwuliza mtu.

"Nimeshiba. Soma. Usije ukaondoka nalo."

Akajaribu kusimama, tukamzuia. Akasoma ameketi, ameegemea bega langu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ile ya ukutani, nzito, bila haraka.

"Wafanyakazi wa shamba la mkonge, Tanga, wanasikitika kutangaza kifo cha mwenzao," akalitaja jina la kaka yake, na la baba yao, na la babu, "kilichotokea jana baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mazishi yamefanyika leo alasiri hukohuko Tanga. Habari zimfikie mdogo wake, Ujiji, Kigoma. Zimfikie pia mke wake mpendwa, Ujiji, Kigoma, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Kuku alipita kati yetu na sahani, hakuna aliyemfukuza.

"Hakuna mwingine?" Shemeji aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Mke wa Tanga? Watoto?"

"Hakuna mwingine aliyetajwa."

"Umenificha?"

"Siongezi wala sipunguzi, shemeji. Wewe unanijua."

Machozi yakaanza kumtoka yule mama, bila sauti, yanafuata mikunjo. "Mimi sikuogopa kufa kwake," alisema. "Kufa nilikuona usoni kwako siku ile. Niliogopa hapo pa mke." Akajisogeza karibu, akamshika shemeji yake mkono, ule wenye vidole vya rangi ya machungwa. "Hebu rudia hapo."

Lakini tangazo halisomwi kipande. Mzee akavuta pumzi, akalianza tena tangu mwanzo, wafanyakazi wa shamba, jina, baba, babu, mazishi, na alipofika pale pa mke wake mpendwa, Ujiji, Kigoma, akapasoma mara mbili.